Vidonge vya Mteja wa Shangazi

9 Aprili

Mwanangu Bwana Vichupa,

Daktari wa tezi amesema Jumanne kwamba vidonge vimeshindwa, na kwamba tarehe 18 Juni nitanyweshwa dawa ya mionzi ya kuiua tezi yangu ya shingo. Ikishakufa haifufuki. Baada ya hapo nitameza kidonge cha kuziba pengo lake kila asubuhi mpaka siku ya kuzikwa. Hayo ni maneno yake, ila hilo la kuzikwa nimeliongeza mimi.

Sasa salamu. Hatujambo. Baba yako mdogo bado anajenga ule ukuta, na jirani bado anaubomoa kwa mdomo. Saluni iko palepale: viti vitatu, kioo chenye ufa, na draya inayonguruma kama mashine ya kusaga. Kazi ipo. Nakuandikia barua kwa sababu ukinipigia simu tunasikilizwa na vichwa vitatu, na neno likisemwa saluni asubuhi, adhuhuri linauzwa sokoni.

Nilikuficha tangu Januari. Moyo ulikuwa ukienda mbio nikiwa nimesimama tu, nikipanda ngazi za benki natweta kama niliyefukuzwa. Nikaenda hospitali. Daktari ni mteja wangu, namsuka kila mwezi, na kazi yake anaijua. Alinitoa damu, akasema tezi inamwaga homoni kupita kiasi, akaniandikia vidonge vya kuituliza. Nimemeza miezi mitatu. Kila akipima, namba ni zilezile au zimepanda. Dozi ameiongeza mara mbili.

Nimekunakilia namba nyuma ya karatasi hii. Wewe ndiye unayeshinda na damu za watu. Niambie kitu kimoja tu: namba zinaweza kusema uongo?

Mwaka huu baridi imezidi. Navaa sweta mchana, wateja wananicheka huku wao wanajipepea. Na magauni yote yamenibana. Nasema yamerudi kwa kufuliwa.

Nisalimie mkeo.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana. Mimi mzima. Maabara tumeletewa mashine ya pili ya homoni, na fundi aliyekuja kuifunga amekaa wiki nzima akinywa chai yetu. Mwambie baba mdogo ukuta usiokwisha ni kazi ya kudumu, asilalamike.

Nilikupigia Jumapili nikidhani umefunga. Ulisema, "Nina kichwa mkononi," ukakata. Mwenzangu aliyekuwa karibu alishtuka, ikabidi nimweleze kazi yako.

Namba zako nimezisoma. Nikueleze zinavyosomwa, halafu utajua kwa nini daktari amesema aliyosema. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage. Kazi yake ni kuamrisha. Homoni ya shingoni ikipungua, hiyo ndogo inapiga kelele: ongeza! Ikitosha, inanyamaza. Kwa hiyo tunapima vitu viwili, amri na kilichoamriwa, na tunategemea vipishane. Amri yako iko chini kabisa. Homoni yako iko juu. Vinakubaliana. Ningekuwa daktari ningeandika alichoandika yeye.

Sasa swali lako. Namba haisemi uongo, lakini inajibu swali lililoulizwa na mashine, na mashine huuliza damu iliyoletewa, si mtu. Ndiyo maana nimekwama kwenye sweta. Mwenye homoni hiyo nyingi huona joto, hutoka jasho, huvua shuka. Hukonda huku anakula. Wewe unasikia baridi na magauni yamerudi. Gauni moja hurudi, shangazi. Kabati zima halirudi.

Naomba uniandikie kila kitu unachomeza. Si cha daktari tu. Cha duka la dawa, cha mitishamba, cha kuongeza nguvu, cha kupewa na rafiki. Vyote.

Usiache vidonge vya daktari kwa sababu ya barua hii. Bado sijui kitu.

Mwanao


8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tumeamka salama. Baba yako mdogo ameitwa na mjumbe kuhusu ule ukuta na mtaro wa jirani. Amevaa koti la harusi yake kwenda kusuluhishwa. Amerudi hajasuluhishwa na koti limepasuka kwapani.

Umeniuliza nameza nini. Nameza vidonge vya daktari. Nakunywa maji. Nakula chakula. Daktari naye aliniuliza, nikamjibu hivyohivyo, naye hakurudia. Wewe ni mtoto niliyekuogesha, usinisaili kama karani wa uhamiaji.

Baridi ni ya umri. Unene ni wa umri. Usingizi pia. Juzi nilisinzia nimesimama, sindano ya kusukia ikadondoka kwenye shingo ya Mwalimu. Unamkumbuka Mwalimu, yule mstaafu anayekuja kila Jumamosi hata kama hana cha kusukwa. Akaruka kwenye kiti akasema, "Leo umenichoma, kesho utanishona!" Saluni ikacheka. Halafu akaniangalia kilemba changu akasema, "Kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua. Lakini wewe hata kitana hujipitishii. Kilemba asubuhi, kilemba jioni, kuna hazina gani humo?" Nikamwambia alipe kwanza kichwa cha wiki iliyopita ndipo achungulie changu. Wakacheka tena, ikapita.

Daktari ameongeza dozi mara ya tatu. Vifundo vya miguu vimevimba kidogo jioni. Tarehe 18 Juni iko palepale. Siogopi. Nasema tu kwamba tezi ni yangu, nimezaliwa nayo, na ningependa kumuuliza mtu mwingine juu yake kabla haijaondoka.

Barua yako haikuwa na salamu za mkeo. Huenda ulisahau.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Natumaini miguu imepungua. Huku mvua imeanza na dari la stoo ya maabara linavuja juu ya makasha ya glavu. Tumeweka ndoo. Mkuu wa maabara ameandika barua kuhusu ndoo.

Sitakuuliza tena unachomeza. Nitakueleza habari moja ya kazi yangu, ufanye nayo utakavyo.

Kila kasha la vitendanishi, zile dawa za kulishia mashine, linakuja na karatasi iliyokunjwa, maandishi yake madogo kama sisimizi. Kila mwezi tunaitupa na kasha. Wiki iliyopita niliikunjua nikaisoma yote, kwa sababu ya sweta lako. Inaonya juu ya vitamini moja inayoitwa biotini.

Ndani ya mashine, homoni hukamatwa kwa ndoano. Aliyeitengeneza ametumia vitamini hiyohiyo kufungia ndoano zake, kwa kuwa inashika vizuri. Mtu wa kawaida anayo kidogo tu mwilini kutoka kwenye chakula, haileti shida. Lakini akimeza vidonge vyake vyenye nguvu, damu inajaa, na vitamini ile inawahi nafasi kabla ya homoni kufika. Mashine haijui kilichotokea. Inahesabu kilichonasa na kutoa namba. Amri inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Homoni inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Hata kipimo cha kingamwili, kile kinachomthibitishia daktari, kinapinda upande huohuo. Zinapinda zote pamoja, kwa mpango mzuri, kiasi kwamba mtu mwenye tezi nzima anaonekana mgonjwa kamili.

Akipewa vidonge vya kuituliza tezi ambayo haikuwa na fujo, inalala. Anasikia baridi. Ananenepa. Anasinzia. Nywele zinapungua zaidi. Na karatasi ya majibu bado inasema homoni imezidi, kwa hiyo dozi inaongezwa.

Biotini inauzwa bila cheti. Hununuliwa kwa ajili ya nywele na kucha.

Huenda nimekosea. Siku hizi zipo mashine zisizosumbuliwa nayo, na sijui hospitali yenu wana ipi. Njia ya kujua ni moja: mtu aache vitamini hiyo wiki moja, apimwe tena, na daktari ajue sababu.

Tarehe 18 Juni haiko mbali.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Salamu zimefika. Ukuta umesimama, maana saruji imekwisha.

Kuna mteja wangu mmoja. Nimemsomea kipande cha barua yako, kile cha ndoano, akaniomba nikuulize kwa niaba yake. Ni mama wa makamo, kazi yake ni ya kuonwa na watu. Mwaka jana nywele zake zilianza kutoka. Kwanza mbele, zile za pembeni mwa paji, ambazo hutoka kwa kusukwa sana, hilo lina dawa yake. Kisha utosini. Hilo halina dawa ninayoijua mimi, na mimi najua nyingi. Akioga, zinabaki kwenye beseni kama manyoya.

Mteja huyu alisikia habari za vidonge kutoka kwa mwanamke auzaye vipodozi. Akaanza na kimoja kwa siku. Nywele hazikusimama, akameza viwili. Sasa anameza vinne. Chupa imechorwa mwanamke mwenye nywele mpaka kiunoni, na huyo mwanamke ndiye aliyemponza.

Anauliza hivi. Ni lazima amwambie daktari wake? Hawezi kuviacha tu kimyakimya, apimwe, mambo yaishe? Maana daktari huyo anamfahamu nje ya hospitali. Anakaa mbele yake na kumkabidhi kichwa chake, yaani wanaaminiana kwa mambo ya namna hiyo. Akijua kwamba mwenzake hana nywele za kwake, hatakaa tena. Na asipokaa daktari, na wengine hawatakaa. Nani atampelekea shamba mkulima mwenye magugu mlangoni?

Nijibu upesi. Mteja ana haraka kidogo.

Mkeo hajambo? Hii ni mara ya tatu.

Shangazi yako


6 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi mkononi. Ukiipata, nitumie ujumbe wa neno moja, sitapiga simu.

Mwambie mteja wako hivi. Aviache leo. Lakini kuviacha kimyakimya hakutoshi, na kuna hatari ndani yake. Akipimwa bila daktari kujua, namba zitageuka. Daktari atadhani dozi kubwa imefanya kazi hatimaye. Atafurahi, na ataendelea kumpa vidonge vya kulaza tezi ambayo tayari imelala. Au atasema, mionzi iko kwenye ratiba, tumalize kazi. Daktari si mjinga na si mzembe. Amefuata namba, na namba zote zilimwonyesha njia moja. Anayeweza kumwonyesha nyingine ni mteja peke yake.

Vidonge vya tezi asivikate mwenyewe. Hilo ni la daktari, siku hiyohiyo atakapoambiwa.

Pia kuna jambo ambalo vitamini haielezi. Nywele zilianza kutoka kabla ya kidonge cha kwanza. Moyo ulikwenda mbio kabla ya kidonge cha kwanza cha daktari, na biotini hudanganya mashine, si moyo. Kuna kitu kilitangulia. Mwambie aombe kupimwa madini ya chuma, si wingi wa damu tu bali akiba ya chuma mwilini, ni kipimo kingine. Mwili ukiishiwa akiba hukata matumizi, na nywele ni za kwanza kunyimwa. Mtu huyo hutweta kwenye ngazi. Wingi wa damu unaweza kuwa chini kidogo tu, asishtuke yeyote.

Kuhusu mke wangu. Yuko kwa dada yake tangu mwezi wa pili. Tuligombana juu ya mimi kukaa maabara mpaka siku za mapumziko, na siku aliyoondoka nilikuwa maabara. Nilijua jioni. Hilo ndilo jibu la mara tatu ulizouliza. Sikulisema kwa sababu ulituozesha wewe.

Mwanao


21 Juni

Mwanangu,

Dawa ya mionzi sikunyweshwa. Daktari aliifuta mwenyewe tarehe 13, akiwa kwenye kiti changu, kichwa nusu kimesukwa.

Wote wazima. Ule ujumbe wa "Nimepata" niliuandika nikiwa stoo, nyuma ya ndoo za dawa ya nywele, na siku ileile vidonge vya nywele vilikwisha kazi yao. Sasa sikiliza nilivyomaliza.

Daktari alikuja Jumamosi, zamu yake ya mwezi. Mwalimu alikuwa chini ya draya na mama mmoja akisubiri. Nikamgawa nywele, nikaanza mistari ya nyuma. Nilipofika katikati nikamwambia, daktari, kuna mteja wangu mmoja, ana shida ya tezi, anatumia vidonge vya nywele, eti vinaharibu vipimo. Ni kweli?

Aliniona kwenye kioo nami nikamwona, na ufa umepita katikati yetu.

"Vidonge gani?"

"Biotini."

"Vingapi?"

"Alikuwa anameza vinne. Wiki hii ameacha."

"Huyo mteja wako anasikia baridi?"

Mwalimu akazima draya. Nikamwambia aiwashe, akasema amekauka. Hakuwa amekauka, maji yalikuwa yanamtiririka.

Nikasema mteja anasikia baridi, ndiyo, na miguu yake inavimba, na anaona haya. Daktari akauliza haya ya nini. Nikawaza jinsi ulivyoniandikia habari za mkeo, mistari michache, hukuipamba. Nikafungua kilemba. Nikamwambia, haya ya hiki.

Aligeuka na kitana kikining'inia kwenye nywele zake. Alinitazama utosi kama anavyotazama shingo, akainuka, akabonyeza kwa kidole, akashusha kope yangu ya chini akatazama ndani. Akasema, "Nilikuuliza kama kuna kitu unameza. Uliniambia hakuna."

"Uliniuliza dawa. Chupa imeandikwa vitamini."

"Nilikuuliza kitu chochote."

"Basi ulikuwa umekaa upande wa pili wa meza, na mimi nilikuwa upande wa mgonjwa. Huku ndiko kwangu."

Alicheka kidogo, lakini hakuwa amefurahi. Alitoa simu, akaita hospitali, akafuta tarehe 18. Akaniambia niache na vile vidonge vya tezi kuanzia siku hiyo, na kwamba ile wiki ya kukaa bila biotini itatimia Jumatatu, kwa hiyo nije Jumanne. Nikamwambia na chuma, akiba yake. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema nina mtoto ana vichupa. Akaketi akasema, "Malizia, bado nina upande mmoja."

Daktari alipotoka, Mwalimu alikunja taulo. Kisha akasema, "Miaka kumi naja hapa kila Jumamosi, naulizia kilemba, na siku ya kufunguliwa najikuta chini ya draya." Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Na daktari ameweka siku yake ya Julai.

Majibu yalitoka Ijumaa. Damu safari hii ilipelekwa hospitali nyingine yenye mashine ya aina nyingine, na kichupa kimoja kikapitishwa kwenye mashine ileile ya kwanza ya hospitali yake, daktari alitaka kuona mwenyewe. Zimekubaliana. Ile amri ya ubongoni inapiga kelele, iko juu mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Homoni ya shingoni iko chini. Tezi haikuwa na ugonjwa, ililazwa na dozi. Daktari anasema ikiachwa itaamka yenyewe kwa wiki chache, na anadhani haijaumia, ila hataki kuapa kabla ya kupima. Kalsiamu na chumvi nyingine za damu ni sawa. Chuma hakuna. Alinionyesha namba ya akiba, tarakimu moja tu, na ilikuwa ndogo.

Kinapotelea wapi, hilo amelijua kwa maswali mengine aliyoniuliza mlango ukiwa umefungwa, na safari hii nilijibu yote. Wewe ni mtoto wa kiume, huandikiwi. Elewa tu kwamba kuna picha ya tumbo nitapigwa tarehe 7 Julai, na kuna njia ya kurekebisha. Vidonge vya chuma nimeanza, vinanuka kama msumari.

Nywele nimezinyoa zote. Anasema zikirudi zitachukua miezi, na huenda za mbele zisirudi. Nimemuuliza mara mbili, amejibu vilevile.

Kuhusu mkeo, sikuulizi kosa la nani, na nilikuozesha mke, sikukuozesha amani. Usimtume mtu. Usimwandikie barua kama hizi zetu, yeye si shangazi yako. Omba siku moja kazini, nenda kwa dada yake, ubishe hodi.

Damu nitatolewa tena Jumatano, tarehe 12 Agosti, saa mbili asubuhi, tezi na chuma pamoja. Daktari amesema niende na kila ninachokimeza kwenye mfuko mmoja, nikimwage mezani kwake kabla ya sindano.

Shangazi yako